Kunguru Baada ya Vita vya Panzi

Wahenga walinena kuwa vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Katika madarasa yetu ya fasihi simulizi methali hii hufasiriwa kwa wepesi: panzi ni wajinga, kunguru ni mlafi, na funzo limekwisha. Likizo iliyopita niliondoka nyumbani Nariokotome, nikapitia Lodwar na Kakuma hadi Lokichoggio, karibu na mpaka wa Sudan Kusini, kumjulia hali shangazi yangu. Tangu safari hiyo namtazama kunguru kwa jicho jingine.

Wageni wa Lokichoggio hawakuwa watalii wa kutazama simba. Walikuwa marubani, madaktari na wafanyakazi wa misaada. Kuanzia mwaka 1989 Umoja wa Mataifa uliutumia mji huo kama kituo cha kupeleka chakula na dawa kusini mwa Sudan, kulikokuwa kukiwaka vita. Mchana ndege za mizigo zilipaa. Jioni waliorejea walitafuta pa kupumzikia. Baa zikafunguliwa, jenereta zikanguruma, muziki ukakesha. Shangazi alichoma nyama ya mbuzi nje ya baa mojawapo, na kwa pesa hizo nilinunuliwa sare ya darasa la kwanza.

Tarehe 9 Januari 2005 mkataba wa amani ya Sudan ulitiwa saini jijini Nairobi. Mashirika yakaanza kuhamia Juba. Mwaka 2006 hata hospitali ya Lopiding, ambako Msalaba Mwekundu ulikuwa ukitibu majeruhi wa vita, ilikabidhiwa serikali ya Kenya.

Usiku nilizunguka mitaa ya baa. Milango mingi ilikuwa na kufuli zilizoshika kutu. Katika baa moja iliyokuwa wazi, redio ilisikika kwa sauti ya chini na mhudumu alikuwa akipangusa meza isiyo na vumbi.

“Karibu, kaka,” akasema. “Keti popote, viti vyote ni vyako.”

Niliporudi nilimuuliza shangazi iwapo aliichukia amani ile. Alinyamaza kitambo.

“Mwanangu, niliwaona watoto wakishushwa kwenye ndege bila miguu. Nani angeomba hayo yaendelee? Lakini amani ilipokuja, hakuna aliyeniambia sasa nitamchomea nani nyama.”

Mwezi Disemba 2013 vita vilizuka tena, safari hii ndani ya Sudan Kusini huru. Misaada sasa ilikuwa na makao yake Juba, na zile siku za Lokichoggio hazikurudi. Panzi walipigana tena. Kunguru hakuambulia kitu.

Kwa hiyo sikubaliani na tafsiri yetu ya darasani. Humlaumu mlaji bila kuitazama ardhi anamoishi. Shangazi hakuchagua riziki itokanayo na msiba wa jirani; katika nchi ya ukame, iliyosahauliwa kwa miongo mingi, hiyo ndiyo riziki iliyotua mlangoni pake. Mwaka 2025, mgao wa chakula ulipopunguzwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, niliuona mji mwingine wa barabara ileile ukikabiliwa na swali la shangazi.

Wanafunzi wenzangu, tutakapoifundisha methali hii, tuulize jambo moja ambalo wahenga hawakulitaja: kabla ya vita, kunguru alikuwa akila nini?