Samaki sita sebuleni na mtoto mwenye selimundu

Nyumbani kwetu Mbagala, wilayani Temeke, sebuleni kuna tangi la kioo lenye samaki sita wa mapambo wanaoitwa moli. Kuna pia mpwa wangu wa miaka tisa, mwenye ugonjwa wa selimundu. Wageni wanaojua hali ya mtoto hutazama tangi, kisha humtazama yeye, na swali huwa lile lile: hivi hapa si mnafuga mbu?

Swali ni la msingi. Wengi wamesikia kwamba selimundu inakinga malaria, lakini anayepata kinga kiasi ni yule aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu, na mara nyingi huyo haumwi chochote. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili hana bahati hiyo. Malaria humpunguzia damu ambayo tayari haitoshi, na homa kwake ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, si ya kusubiri kukuche. Ndiyo maana dada yangu alipomwahidi mwanawe samaki, mama alikataa katakata. Alikuwa na sababu mbili: mbu na maji.

Kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika habari za afya, kesi ililetwa kwangu.

La mbu lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani. Moli ni wa familia moja na gambusia, samaki mdogo ambaye nchi nyingi zilimsambaza karne iliyopita ili ale viluwiluwi. Mbu akitaga kwenye tangi lenye moli, amewaandalia chakula cha jioni. Hatari iko kwenye ndoo. Maji ya bomba ya DAWASA yanatiwa klorini ili yasituletee maradhi, na klorini hiyo huunguza mashavu ya samaki, sehemu wanayopumulia. Kwa hiyo tunakinga maji kwenye ndoo, tunayaacha saa 24 klorini iruke, ndipo tunayatumia. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi iliyotusumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hupenda sana vyombo vya namna hiyo. Mayai yake hung'ang'ania ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri maji. Ndoo yetu hufunikwa kwa chandarua kilichokazwa kwa mpira, na kila wiki husuguliwa kwa brashi. Kumwaga maji tu hakutoshi.

La maji ndilo lililokuwa gumu. Mtoto mwenye selimundu anatakiwa anywe maji mengi kila siku, kwa sababu mwili ukikauka chembe zake nyekundu hujikunja kwa urahisi zaidi na kuziba mishipa, na hapo ndipo maumivu makali huanza. Mama hajasahau mwishoni mwa 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na jiji likaingia kwenye mgao. Kwake, ndoo ya samaki ni ndoo iliyochukuliwa mdomoni mwa mjukuu.

Nikapiga hesabu. Tangi letu lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 40, yaani takribani lita 70. Linahitaji kubadilishiwa robo ya maji kila wiki. Hiyo haifiki hata ndoo moja ya lita 20, na maji machafu yanayotoka ni mbolea. Mchicha wa mama kwenye viroba unakunywa hayo. Alikubali kwa mdomo uliofungwa nusu.

Moli wenyewe asili yao ni Mexico na nchi za jirani zake, na wanapenda maji magumu, yenye madini. Wanavumilia hata maji ya chumvi kidogo. Hapa ndipo wenzangu wa Mbagala mnapoweza kucheka: maji ya visima vyetu, yale yanayokataa kutoa povu la sabuni na kuacha ukoko mweupe kwenye birika, ni karamu kwao. Lakini si kila kisima. Kisima kifupi kilichochimbwa karibu na choo cha shimo huwa na uchafu usioonekana kwa macho, na maji yasiyomfaa mtu sioni kwa nini yamfae samaki.

Kinachoua samaki wengi wa majumbani ni haraka. Watu hununua tangi asubuhi, wanalijaza mchana, jioni samaki wako ndani. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoibadilisha kuwa nitraiti, nayo ni sumu, kisha wengine wanaibadilisha kuwa nitreti, ambayo ina nafuu na hutolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujenga makazi kwenye sponji ya chujio na kwenye changarawe. Sponji ikioshwa kwa maji ya bomba, wanakufa. Sisi tunaikamua kwenye maji yaliyotoka tangini humohumo. Umeme ukikatika muda mrefu, samaki na bakteria wote hukosa hewa, hasa Januari na Februari kwenye joto, kwa maana maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Pampu ndogo ya betri inasaidia. Kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu pia kunasaidia.

Kuna jambo moja linalonikera. Samaki akionekana na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, mtu wa kwanza utakayemuuliza atakwambia fungua kapsuli ya tetrasaikilini umwagie. Vidoa hivyo ni kimelea, si bakteria, na antibayotiki haimgusi. Itakachofanya ni kuua bakteria wema wa chujio, na maji yenye dawa ukiyamwaga kwenye mfereji wa mtaa unawafundisha vijidudu vya huko usugu. Tuna kazi kubwa tayari ya kuwazuia watu kununua dawa hizo bila cheti kwa ajili yao wenyewe, achilia mbali samaki.

Sheria ya nyumba ni kwamba mpwa wangu analisha, haingizi mkono. Maji ya tangi yanaweza kuwa na salmonela, ambayo kwa mwenye selimundu ina tabia ya kukimbilia kwenye mifupa. Yanaweza pia kuwa na jamaa wa bakteria wa kifua kikuu anayeingia kwenye mchubuko na kuacha uvimbe sugu kwenye ngozi. Kuosha tangi ni kazi yangu, na nikiwa na kidonda natumia glavu. Yeye akishalisha ananawa kwa sabuni. Chakula ni kidogo, mara mbili kwa siku, kile wanachokimaliza ndani ya dakika mbili, na siku nyingine jani la mchicha lililochemshwa.

Moli hawatagi mayai, wanazaa, kila baada ya mwezi hivi. Jike hutunza mbegu za dume tumboni kwa miezi, kwa hiyo kumtenga dume leo hakusimamishi kitu. Wakubwa huwala watoto, nasi hatuingilii sana. Wanaobaki tunawagawa kwa majirani wenye matangi. Kuwamwaga mtoni au mferejini hapana. Nchi hii inajua sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 alivyowafanya furu.

Mama ameweka sharti moja kabla ya kuliacha tangi sebuleni. Mgao mkubwa ukirudi, ndoo ya kwanza ni ya mtoto, na samaki watahamia kwa jirani wa nyumba ya tatu mwenye kisima. Mpwa wangu amekubali. Jumamosi iliyopita alikwenda mwenyewe kwa jirani huyo, akamwamkia, kisha akamuuliza kama ana sehemu ya kuchomeka pampu.