Msafara wa alfajiri katika msitu wa Amazon

Kilomita 80 hivi kaskazini ya jiji la Manaus, nchini Brazil, giza huondoka taratibu chini ya miti mirefu. Jua halijaonekana, lakini ndege mmoja wa kijivu, mdogo kama shomoro, ameshaanza kuita. Huita mahali palepale alipoitia jana na juzi. Wengine huitikia na kuja mmoja mmoja, mpaka zinakuwa aina kumi au zaidi. Msafara umekamilika.

Mgeni anaweza kutembea saa nzima katika msitu huu asione hata unyoya. Kisha, ghafla, matawi yanatikisika na ndege wako kila upande. Baada ya dakika chache kimya kinarudi. Msafara umepita.

Kwa kawaida kila aina huwa na familia moja tu humo: dume, jike na pengine kinda wao. Hawagombani sana, kwa kuwa kila mmoja ana pake pa kutafutia. Huyu hupekua majani makavu yaliyonasa matawini, yule huchunguza majani mabichi, mwingine hupanda shina akidonoa magome. Yule wa kijivu ndiye mlinzi. Akimwona mwewe hupiga kelele, na wote hukimbilia kujificha. Ujira wake ni wadudu wanaokurupushwa na wenzake, ambao huwadaka wakiwa hewani.

Siku nzima huzunguka, ila hawatangitangi ovyo. Eneo lao ni kama hekta 10, yaani zaidi ya viwanja kumi vya mpira, na lina mipaka. Wakikutana mpakani na msafara wa jirani, huimbiana kwa ukali, kisha kila kundi hurudi kwao.

Lakini upo mpaka uliowekwa na binadamu. Barabara ya vumbi ikipita msituni, msafara hufika ukingoni na kugeuka. Mbawa wanazo, na ng'ambo wanaiona, ila ndege waliozoea kivuli huogopa kukatiza mahali peupe.

Tangu mwaka 1979 watafiti wamefuatilia hapo vipande vya msitu vilivyoachwa katikati ya malisho ya ng'ombe. Katika vile vya hekta 1 na 10, misafara ilivunjika ndani ya miaka michache. Miti ilikuwa bado imesimama, lakini nafasi ya kuzunguka haikuwepo tena.

Hata hivyo, habari haikuishia hapo. Malisho mengine yaliachwa, miti michanga ikaota, na baadhi ya ndege wakarudi. Hata barabara, matawi ya pande mbili yakikutana juu yake, msafara huivuka. Haikuhitajika daraja wala uzio. Ilitosha kuiacha miti ikue, na kivuli kikarudi.