Wafu wa Eylau Walio Mbele ya Mfalme

Msomaji mpendwa, ukijaliwa kufika Paris, usikose kuingia jumba la makumbusho la Louvre. Katika upande uitwao Denon utakutana na picha yenye upana wa karibu mita nane na kimo cha zaidi ya mita tano. Ni kazi ya Antoine-Jean Gros, ya mwaka wa 1808.

Picha hiyo yahusu vita vya Eylau, vilivyopiganwa tarehe 7 na 8 Februari 1807 huko Prussia Mashariki, mahali ambapo leo ni Urusi. Wafaransa na Warusi walipambana katikati ya tufani ya theluji, hata kikosi kimoja cha Wafaransa kikapotea njia na kuangukia mizinga ya adui. Usiku Warusi waliondoka, lakini ushindi kamili haukuwa wa mtu.

Kule Paris minong'ono ilienea. Taarifa rasmi ilidai kuwa Wafaransa waliokufa ni 1,900 tu, na watu hawakuamini. Ndipo Vivant Denon, msimamizi wa makumbusho ambaye upande ule wa jumba umepewa jina lake, akatangaza shindano la wachoraji. Sharti lilikuwa wamwonyeshe Napoleon akizuru uwanja siku iliyofuata, akiwahurumia majeruhi. Gros alishinda.

Hebu itazame sasa. Napoleon yuko juu ya farasi, uso umepauka, mkono ameunyosha kama anayebariki. Madaktari wake wanawatibu majeruhi wa adui. Kulia yuko shemeji yake, Murat, katika mavazi ya fahari. Nyuma, mji unafuka moshi.

Lakini shusha macho. Chini kabisa, karibu nawe kuliko mfalme mwenyewe, wamelala wafu, wakubwa kuliko kimo cha binadamu. Theluji imewafunika, nyuso zimekuwa kijivu, na damu imeganda kwenye ncha ya singe.

Mchoraji alitii amri, huruma ya mfalme akaionyesha. Hata hivyo wafu hakuwaficha, na mfalme hakuchukia: alimtunuku Gros nishani.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Ukisimama pale, msomaji, utajikuta umemsahau fahali aliye juu ya farasi, ukizitazama nyasi.