Nyuzi, asilimia na bunduki ya Yaya

Yaya alinipigia saa tano ya usiku, wakati mtandao wa hapa Kinama unapata nguvu kidogo kwa sababu watu wamelala. Kwake Missoula, kule Montana, ilikuwa saa tisa ya mchana. Yeye ni mtoto wa mama mkubwa. Tulikula sahani moja hapa kambini mpaka alipopata ndege ya kwenda Marekani.

"Mdogo wangu, weye njo ulisoma hesabu," akaniambia. "Nataka kununua darubini ya bunduki. Kuna za aina mbili. Nichague gani?"

Nikanyamaza. Mama alikuwa amelala upande wa pili wa pazia, na neno bunduki nyumbani kwetu halitamkwi hovyo. Sisi ni watu wa Kivu ya Kusini. Bunduki ndiyo ilitutoa kule, ndiyo ilituvusha Ruzizi, ndiyo sababu niko Gasorwe, upande wa Muyinga, na siko kwetu. Sasa mtu wa damu yangu ananiulizia ipi ni nzuri. Nikatoka nje na simu.

Yaya anawinda kulungu. Wenzake kazini wanawinda, msimu ukifika mwisho wa Oktoba wanaingia milimani wamevaa rangi ya machungwa ili wasipigane risasi, na nyama ya kulungu mmoja inakaa kwenye friji miezi. Alisoma kozi ya wawindaji, akafanya mtihani, akapewa karatasi. Kila kitu kiko halali. Tena aliniambia kitu ambacho sikukitarajia: "Huku nashika bunduki na hakuna mtu anakimbia." Sijui kama hilo ni jambo la kufurahia. Nalitaja tu kwa sababu alilisema.

Kilichomfanya anipigie ni kulungu aliyemkosa mwaka uliopita, au tuseme aliyempata vibaya. Darubini yake ya kwanza aliinunua kwa mtu, imeshatumika. Ukichungulia ndani unaona msalaba wenye alama ndogo. Juu kuna kifundo, ukikizungusha kinalia tik, tik, na kila tik inasogeza mahali risasi itakapofika. Kwenye uwanja wa mazoezi, mita 200, risasi zilikuwa zinapiga chini. Akapima kwa zile alama za ndani: moja na nusu. Rafiki yake alishamwambia tik kumi ni alama moja. Akazungusha tik kumi na tano, akaridhika, hakupiga tena kuhakikisha kwa sababu risasi ni ghali. Siku mbili baadaye akampiga kulungu chini ya kifua. Akakimbia na damu. Walimfuata mpaka giza, hawakumwona.

"Hiyo ndiyo inaniuma," akasema. "Nyama nilikosa, sawa. Lakini yule mnyama alikwenda kufa wapi?"

Nilimwomba anipigie picha ya kile kifundo. Hapo nikaelewa, tena nilielewa haraka kuliko mtu yeyote, kwa sababu kosa lake nilikuwa nimelifanya mimi mwenyewe, kwa jembe.

Ngoja nieleze la kwangu kwanza. Mimi ni mhamasishaji wa vijana. Nilipelekwa Gitega na wenzangu wawili kujifunza kuchimba mitaro ya kuzuia udongo usiteremke, ile Warundi wanaiita imiringoti. Mwalimu wetu alikuwa mtaalamu wa kilimo, Mrundi, Kiswahili chake cha Buyenzi kabisa. Alitufundisha kutengeneza ile pembe ya miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, yenye kamba na jiwe katikati, ili mtaro usipande wala usishuke. Halafu akatupa kipimo cha mwinuko. Mlima ukiwa mkali, mitaro inakaribiana. Ukiwa mpole, inaachana. Yeye mwinuko alikuwa anauandika kwa asilimia: ukienda mita 100 mbele na kupanda mita 20, huo ni mwinuko wa 20 kwa mia.

Tulirudi kupitia Karuzi, nikiwa na daftari na kiburi kidogo. Huku Muyinga nikapima kilima cha nyuma ya kambi kwa simu. Simu ikasema 14. Nikafungua daftari, nikatafuta 14, nikapanga mitaro mbalimbali kama ya mlima mpole, vijana wakachimba wiki mbili. Ile duara ndogo juu ya namba niliiona. Sikuitilia maanani. Simu ilikuwa inapima nyuzi, na nyuzi 14 ni karibu asilimia 25. Mlima wangu ulikuwa mkali karibu mara mbili ya ule niliouandika.

Mvua za masika zikaja. Maji yalikusanya nguvu katika ile nafasi kubwa kati ya mtaro na mtaro, yakaruka mtaro wa pili, yakapita katikati ya kashamba ka maharagwe ka mama mmoja jirani yetu, ambako alikuwa ameazimwa na Mrundi wa kilimani. Yule mama hakunigombeza. Asubuhi alishuka na beseni, akachota udongo wake mlangoni pa watu wa chini, akaupandisha kichwani, akamwaga, akashuka tena. Nilimsaidia siku hiyo na siku iliyofuata. Maharagwe hayakurudi.

Kwa hiyo nilipoona picha ya kifundo cha Yaya, imeandikwa 1/4 MOA, sikuhitaji kufikiri sana. Alama za ndani ya darubini zilikuwa za mili. Kifundo kilikuwa cha dakika. Mashine moja, lugha mbili.

Hesabu yenyewe ni hii, na wewe unayefanya kazi na mashirika usiogope, hata watoto wa klabu yetu waliielewa nilipoichora chini kwa kijiti. Duara lina nyuzi 360. Kila uzi unakatwa vipande 60 vinavyoitwa dakika, si dakika za saa, ni za pembe. Dakika moja ya pembe, ukiwa mita 100, ina upana wa sentimita 2.9. Wamarekani wanaipenda kwa sababu kwenye yadi 100 inakuwa karibu inchi moja, na wao wanaishi kwa yadi na inchi. Mili inatoka njia nyingine. Ni kipande kimoja cha elfu cha umbali: mita 100, sentimita 10, mita 200, sentimita 20. Mtu aliyekua na mita anaipiga kichwani bila karatasi. Mili moja ni dakika 3.4 na kitu.

Tik ya mili kwa kawaida ni sehemu moja ya kumi, sentimita 1 kwenye mita 100. Tik ya dakika ni robo, kama milimita 7. Risasi ikipiga sentimita 16 chini kwa mita 200, mwenye mili atazungusha tik 8, mwenye dakika tik 11. Wote wawili watafika palepale. Hakuna kipimo kinachopiga vizuri kuliko kingine, watu wanaobishania hilo wana muda mwingi. Hiyo ya robo ni ndogo zaidi, ndiyo, lakini kwa kifua cha kulungu tofauti ya milimita tatu si kitu.

Yaya alihitaji kupandisha mili moja na nusu, sentimita 30. Tik zake kumi na tano za robo dakika zilimpa sentimita 22 hivi. Zikapungua sentimita nane. Kwa sentimita nane yule kulungu aliondoka na jeraha.

Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, aina yoyote atakayochukua, alama za ndani na kifundo viwe vya kipimo kimoja, na asikubali nyingine hata ikiwa bei ya bure. La pili lilikuwa maoni yangu: chukua mili. Sisi tumesoma kwa mita, programu ya Kongo, ubao wa Kongo. Kwa nini ujitese na inchi?

Akacheka. "Mzee ninayewinda naye anaongea inchi na yadi. Akinong'ona 'panda dakika mbili,' mimi nitaanza kugawanya huku kulungu ananiangalia?"

Nilibishana naye kidogo. Baadaye nikakumbuka Gitega. Sisi hapa tungeweza kusema tupime nyuzi, kwa sababu simu ndizo tulizo nazo. Lakini mtaalamu anayekuja kukagua anaongea asilimia, na daftari ni la asilimia. Ile simu yenyewe, kijana mmoja wa klabu, ana miaka kumi na minne, alinionyesha pa kubonyeza ikabadilika kuwa asilimia. Palikuwepo siku zote. Tumechimba mitaro miwili katikati ya ile ya zamani na kupanda majani ya tembo kingoni. Mtaro wa kwanza kabisa tulipita juu ya shamba la yule mama.

Yaya akanunua ya dakika, ndani dakika, juu dakika. Wiki iliyopita alituma picha: karatasi ya mazoezi yenye matundu matatu yaliyokaribiana, unaweza kuyafunika kwa kizibo cha soda. Nilikuwa naiangalia nikiwa nimekaa na Mama nje, anachambua mchele. Akanyoosha shingo.

"Ni nini hiyo?"

Nikamweleza, maana kuficha nilikuwa nimechoka. Karatasi, bunduki, mwanao wa Missoula, kulungu. Akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akayahesabu matundu kwa kidole.

"Na kulungu wa mwaka jana?"

Nikasema hakuonekana. Akanirudishia simu, akaendelea na mchele. Baada ya muda akaniambia nimwambie Yaya, akipata mwingine, ampige mara moja.