Kabla ya Kushika Kipaza Sauti



Hapa Mususa wapo vijana ambao, wakiulizwa wangependa kufanya kazi gani, hujibu upesi: utangazaji wa redio. Nami hufurahi, kwani redio hufika hata kijiji kisicho na umeme wala gazeti. Lakini huwauliza swali la pili: mtajifunzia wapi?

Mimi nilisomea ualimu. Masomo ya ubaoni hayakututosha. Ilitubidi kusimama mbele ya watoto na kufundisha, mwalimu msimamizi akiwa ameketi nyuma na daftari lake, kisha kukosolewa mbele ya wenzetu. Naamini chuo cha redio hukua kwa njia hiyo: kiwe na mahali ambapo mwanafunzi husikilizwa na watu kweli, na mkubwa wa kumsahihisha.

Ng'ambo ya Ziwa Viktoria kuna mfano. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alianzisha huko Nyegezi chuo cha mafunzo ya huduma za jamii, na uandishi wa habari ukawa miongoni mwa kazi zilizofundishwa humo. Mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ambacho kina redio yake. Safari hiyo ilichukua miaka 38.

Hatari ya kukimbilia hewani bila kufundishwa tunaifahamu sisi wenyewe. Ebola ilipotangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, uvumi uliwatangulia wauguzi. Wengine walisema ugonjwa ni biashara, wengine wakasema ni siasa. Mtangazaji alipaswa kueleza, kwa Kinande na kwa Kiswahili, kwa nini mgonjwa hutengwa, kwa nini maiti haioshwi nyumbani, na chanjo ni ya nini. Neno moja lililokosewa lingeweza kumzuia mama asimpeleke mtoto wake kutibiwa. Mlipuko ulipomalizika tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamefariki. Naye Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii ya Lwemba, Ituri, aliuawa nyumbani kwake Novemba 2019, baada ya kuendesha kipindi juu ya Ebola.

Kazi yenye uzito wa namna hiyo haibebwi na sauti nzuri pekee. Sauti ni kipaji. Kumtafuta shahidi wa pili ni ufundi. Kuandika sentensi ambayo muuza mihogo ataielewa kwa kuisikia mara moja, kupima sauti kabla ya kurekodi, kusahihisha kosa hewani siku ileile: hayo hufundishwa, tena kwa muda mrefu. Chuo kinachohesabu madawati tu kitatoa wasemaji wengi na mashahidi wachache.

Katika kikundi chenu jadilianeni: ni habari gani mliyoisikia wiki hii, na mngeithibitisha kwa nani kabla ya kuitangaza?