Kengele Yangu Haikuwa Hodi

Naungama: kwa muda mrefu nimekuwa mkorofi juu ya baiskeli, na wakati wote huo nilijihesabu mstaarabu kwa kuwa tu nina kengele na naipiga.

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, Barabara ya Morogoro ilikuwa imeshapata njia za pembeni kwa ajili ya waenda kwa miguu na baiskeli. Sisi tuliozoea kubanwa na malori tulipumua. Ila njia hizo zina wenyewe wengi: wanafunzi, wauza matunda, abiria wanaowahi kituoni. Mimi nikazigeuza zangu.

Asubuhi moja Magomeni, mbele yangu alikuwapo mama aliyemshika mkono mtoto wa shule. Nilipowakaribia kabisa nikapiga kengele kwa nguvu, breki sikuigusa. Mama akarukia kushoto, mtoto kulia, mikono ikaachana. Nikapita katikati yao. Usukani ukanasa begi la mtoto, akaanguka kwa magoti. Niligeuza shingo, nikamwona mama anamwinua, nikapaza sauti: “Si nimepiga kengele!” Nikaenda zangu.

Kosa la kwanza ni mwendo. Baiskeli inayokwenda kilomita 20 kwa saa hula zaidi ya mita tano kila sekunde. Anayeshtuliwa kutoka mgongoni hana muda wa kujua sauti imetoka upande gani, anaruka popote. Na wako wasiosikia kabisa. Kengele ya namna ile ni amri. Mwenye adabu hupiga hodi, akangoja kuitikiwa. Mimi nilipiga hodi nikiwa nimeshaingia ndani.

Kosa la pili ndilo linalonisuta zaidi: sikusimama. Miaka yote nimelalamika kwamba madereva wanatuendesha kwa sheria ya mwenye nguvu mpishe. Siku ile mwenye nguvu nilikuwa mimi, na niliowaonea ni mama na mtoto wake.

Sasa napunguza mwendo kwanza, napiga kengele mara moja nikiwa bado mbali, kisha nasema: “Shikamoo mama, naomba kupita.” Asiposikia, nafuata nyuma taratibu mpaka nafasi ipatikane. Penye msongamano nashuka, nakokota. Najua wapo waenda kwa miguu wanaotanda njia nzima, lakini anayetanda hamvunji mtu mguu. Mwenye mwendo ndiye mwenye wajibu mkubwa.

Mama yule na mwanawe nawaomba radhi, ingawa nimechelewa. Nawe mwenzangu wa baiskeli, ukimgusa mtu, hata kama unaona haki ni yako, simama, shuka, mwinue, umpe pole. Ubishi utakuja baadaye, kama bado utakuwa na haja nao.