Hukumu Ikishasomwa

Waandishi wa habari wa rika langu hapa Kenya husifiwa kwa ujasiri, na sifa hiyo hawakuipata bure. Mwaka 1988 jarida la Beyond lilipigwa marufuku na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa. Mwaka 1990 ikawa zamu ya Nairobi Law Monthly la Gitobu Imanyara. Kulikuwa na vyumba vya mateso chini ya jengo la Nyayo House, na kila aliyeshika kalamu alijua viko wapi. Sitamkubalia kijana anayeniambia kwamba kizazi kile kilikuwa cha waoga.

Hata hivyo, ujasiri wetu ulikuwa na mpaka. Tuliwapigania wafungwa wenye majina: mhadhiri wa chuo kikuu, mbunge, wakili, mshairi aliyewekwa kizuizini. Kijana wa mtaani aliyehukumiwa kunyongwa tulimwandika mara moja tu, siku ya hukumu, tukafunga daftari.

Kisa kinachoniuma kuliko vyote ni cha Kisilu Mutua. Pio Gama Pinto aliuawa kwa risasi tarehe 24 Februari 1965 nyumbani kwake Westlands, Nairobi, bintiye mdogo akiwa ndani ya gari. Alikuwa mbunge, aliwahi kuwekwa kizuizini na Waingereza wakati wa Mau Mau, na alikuwa mwenzetu katika kazi hii: ni mmoja wa walioanzisha Pan African Press, iliyochapa gazeti la Kiswahili la Sauti ya Mwafrika. Vijana wawili wakashtakiwa. Mmoja akaachiliwa, Kisilu akahukumiwa kifo, adhabu iliyokuja kubadilishwa ikawa kifungo cha maisha. Jaji Mkuu Ainley, aliyeisikiliza kesi, alikiri kwamba ilionekana haijakamilika, na kwamba huenda si wote waliohusika waliofikishwa mbele yake. Jaji akishasema hivyo hadharani, mwandishi anangoja nini tena ili aanze kazi?

Kisilu alitoka mwaka 2001. Alikuwa amekaa gerezani miaka 36, na muda wote huo alishikilia kwamba si yeye aliyemuua Pinto. Sisi tuliopita katika vyumba vya habari miaka hiyo tulikuwa na swali moja midomoni: nani aliwatuma wauaji? Ni swali zito, na lilinong'onwa kila mahali. Lakini lilifunika jingine, lililoonekana dogo: je, huyu aliyefungwa ndiye? Hatukutambua kwamba hilo dogo ndilo lililokuwa limelifungia njia lile kubwa. Maadamu kulikuwa na mtu anayetumikia kifungo, polisi waliweza kusema kesi imekwisha, na hakuna aliyewauliza zaidi.

Wakati huohuo, huko Uingereza, mwandishi wa habari Chris Mullin alikuwa anafanya kazi tuliyopaswa kuifanya. Mabomu yalikuwa yameua watu 21 katika baa mbili za Birmingham tarehe 21 Novemba 1974, na Waairishi sita wakafungwa maisha mwaka 1975. Nchi nzima iliwachukia. Mtaalamu wa upande wa mashtaka alikuwa ameieleza mahakama kwamba kipimo cha kemikali kilionyesha baadhi yao wameshika vilipuzi. Mullin na wenzake wa kipindi cha televisheni cha World in Action wakakirudia kipimo hicho, na mwaka 1985 wakaonyesha kwamba hata mtu aliyeshika karata za kuchezea angeweza kutoa majibu yaleyale. Na wale watu walikuwa wamecheza karata ndani ya treni jioni ile! Mwaka 1986 Mullin akatoa kitabu, na akawatafuta waliotega mabomu hasa. Rufaa ya 1988 ilitupwa. Hakuacha. Wale sita waliachiwa huru tarehe 14 Machi 1991, na miaka thelathini na moja baadaye, 2022, Mullin bado alikuwa mahakamani akikataa kuwakabidhi polisi majina ya watu waliomwamini. Jaji akamkubalia.

Nikilinganisha, naona tofauti iko kwenye aina ya ujasiri. Sisi tulipompinga Rais, serikali ilitutisha lakini umma ulikuwa upande wetu. Anayemtetea aliyetiwa hatiani kwa mauaji, au kwa wizi wa mabavu, umma wenyewe humgeuka: jamaa za marehemu, majirani, wasomaji, wakati mwingine mhariri wake. Upweke huo kizazi chetu hakikuuzoea. Na wa kutetewa walikuwa wengi. Kwa miaka mingi mshtakiwa wa wizi wa mabavu alisimama mbele ya hakimu bila wakili, akikabiliwa na kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo. Mwaka 2009 Rais Kibaki alipobadilisha hukumu za kifo kuwa vifungo vya maisha, walionufaika walizidi 4,000. Tuliiandika idadi. Ni wangapi kati yao tuliosoma mafaili yao?

Wanangu mlioko kazini leo, mna vitu ambavyo sisi hatukuwa navyo. Ibara ya 50(6) ya Katiba ya 2010 inampa mfungwa aliyeshindwa rufaa nafasi ya kuomba kesi isikilizwe upya, akipata ushahidi mpya wenye uzito. Ushahidi huo mfungwa hawezi kuufuata akiwa ndani. Anahitaji mtu aliye nje. Mna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, na hukumu za mahakama zinasomwa bure kwenye mtandao. Lakini msiishie kwenye hukumu. Nendeni masjala mkaombe mwenendo wa kesi wote, mpate neno la kila shahidi. Tazameni kama mshtakiwa alitambuliwa usiku, na shahidi mmoja, kwa mwanga gani na kwa umbali gani. Tangu kesi ya Abdalla bin Wendo ya 1953 mahakama zetu zimeonywa kuhusu ushahidi wa namna hiyo. Ulizeni gwaride la utambulisho lilifanywaje. Mtafuteni shahidi ambaye hakuitwa.

Nanyi wahariri, mpeni mwandishi mmoja muda wa kuifanya kazi hii, hata ikipita miezi bila habari ya kuchapa. Aanze na mfungwa ambaye jina lake halijulikani na mtu yeyote hapo ofisini.